Macho Juu

Jana nilikuwa namsuka binti yangu barazani, mafuta ya nazi yananukia hadi kwa jirani, akaniuliza, “Mama, mbona Bibi ananiita Macho Juu?” Nikamwambia atulie, mstari unapinda.

Harufu ile ile. Mnamjua mama yangu: nilipokwenda kujifungua, hapa hapa Tanga, katikati ya khanga alipachika chupa ya mafuta aliyoyapika mwenyewe. Uchungu ulianza asubuhi. Usiku ukanikuta njia bado imefunguka sentimita 7 tu kati ya 10. Na uchungu hauko tumboni, wote mgongoni, chini kabisa, kama mtu anasukuma mlango kwa bega. Nesi wa mchana alisema nivumilie, wenzangu wanavumilia.

Mkunga wa usiku, mama mtu mzima wa Pangani, alinipima kimyakimya, vidole vinatafuta. “Mbele nagusa utosi wa pembe nne,” akasema. “Wa pembe tatu uko nyuma. Kisogo kimelalia uti wako, mwanangu. Mtoto anatazama juu.” Kumbe wenzake hushuka wamegeukia mgongo wa mama, kidevu kifuani.

Akatandika khanga yangu sakafuni, akanipigisha magoti, mikono chini. Nikawa kama mtu aliyekwenda kusujudu akasahau kinachofuata. Chini ya pua yangu maandishi: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliyasoma labda mara mia. Kila uchungu ulipokuja, alinikandamiza kiuno kwa viganja viwili vyenye mafuta ya mama, kwa uzito wake wote, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikavuta pumzi ikafika mwisho.

“Atageuka, mama?”

“Wengi hugeuka wenyewe. Huyu sijui. Mimi nakupumzisha mgongo tu.”

Jibu lile nililichukia.

Hakugeuka. Alfajiri, daktari keshaitwa aje kupasua, njia ikafunguka yote, akatoka vile vile, uso juu, kichwa kimechongoka kama embe sindano. Nyuzi nilizoshonwa nazipita. Kichwa kilikaa sawa siku chache baadaye. Jina ndilo halikutoka.

Nimezoea kusimulia kwamba yule mama aliniokoa. Jana, kitana mkononi, nikajiuliza aliniokoa na nini hasa. Huenda njia ingefunguka hata ningelala chali.

“Sasa nilikuwa natazama nini?”

“Taa. Ilijaa kumbikumbi.”

Akacheka. Nikamgeuza kichwa, tukaanza upande wa pili.