Siku Kumi za Bustani ya Mbugani

Agosti 2017 mjomba alipanda treni ya Kigoma kwenda msibani, akaniachia bustani yake ya mbugani, nje kidogo ya mji wa Tabora. Maelekezo aliyatoa akiwa amekwishavaa koti. "Maji asubuhi na jioni. Bamia leo unachuma, kesho unaziacha, keshokutwa unachuma. Na asije mtu akakushawishi kupiga dawa nikiwa sipo."

Bustani yenyewe haikuwa kubwa: matuta manne ya mboga za majani, kila moja mita 1 kwa 10, mashina 120 ya nyanya aina ya Tanya, mistari mitatu ya bamia, na ngogwe kidogo pembeni. Matuta ya kiangazi hayainuliwi, yanazamishwa. Udongo unachimbwa, unachanganywa na samadi iliyooza, kama debe mbili kwa kila tuta, kisha kingo zinapandishwa kimo cha kiganja ili maji yasitoroke. Anayeinua tuta mwezi wa nane kana kwamba ni Januari atakuwa anamwagilia njia.

Hesabu ya maji ilikuwa hivi. Kila tuta lilikunywa keni tano za lita 10 kwa siku, tatu asubuhi na mbili jua likishapoa. Nyanya zilipimiwa kopo la lita moja na nusu kila shina, chini kabisa, bila kulowesha majani. Kwa mashina yote hayo ni ndoo tisa za lita 20. Juu ya udongo kulikuwa na matandazo ya pumba za mpunga. Nyasi kavu nazo zinafaa, ila Tabora ukitandaza nyasi umewakaribisha mchwa, na wakimaliza nyasi wanahamia kwenye shina.

Mboga za majani zinachumwa kabla jua halijawa kali na kufunikwa kwa gunia bichi. Mchicha ule haukung'olewa. Ulikatwa kwa kisu kimo cha kiganja kutoka chini, ukabaki na vifundo viwili vitatu vya kuchipulia. Sukuma wiki unavunja majani ya chini kwa kuyavuta kuelekea ardhini, unaacha matano au sita ya juu. Nyanya ni kinyume: unasubiri umande ukauke, kwa sababu mikono yenye maji huhamisha ugonjwa kutoka shina hadi shina. Za sokoni mjini zilichumwa zikiwa nyekundu, za kusafirishwa zikianza tu kubadilika rangi kitakoni. Tanya hukaa kichaka, haipogolewi machipukizi. Kinachoondolewa ni majani ya chini yanayogusa udongo.

Siku ya tatu kisima kikaanza kutoa tope. Kilikuwa cha futi 12, na mwezi wa nane maji hushuka. Nikayagawa: mboga zikapata kama kawaida maana ndizo zilizokuwa zikiuzwa kila siku, nyanya zikapata nusu kopo. Bamia sikuzigusa kabisa, wala kuzimwagilia wala kuzichuma, kwa siku nne, kwa sababu muda wote niliutumia ndani ya kisima nikikomba tope na kuongeza kina. Futi mbili zaidi, maji yakarudi safi. Jioni hiyo nikazipa nyanya makopo matatu matatu, kuzifidia.

Kosa ni hilo la kufidia. Kesho yake asubuhi nyanya zilizokuwa zinakaribia kuiva zilikuwa zimepasuka mabegani, nyufa za duara kuzunguka kikonyo. Ganda la Tanya ni gumu, lakini ganda lililokwisha kukomaa kwenye kiu halitanuki tena. Maji yakiingia ghafla nyama inavimba na ganda linaachia. Shina lililokaa na kiu hurudishwa taratibu: kopo moja leo, moja na nusu kesho.

Kopo lililopungua nalo lilikuwa na deni lake, ila halikudai siku hiyo. Siku ya tisa niliona matunda mabichi, yale yaliyokuwa na ukubwa wa ndimu wakati wa tope, yana baka jeusi chini. Niliwaza ugonjwa na kuwaza dawa. Mzee wa bustani ya jirani alikuwa anapita na jembe lake. Nikamwamkia, akaitikia, akachuma moja na kulipasua kwa kisu. Baka lilikuwa kavu kama ngozi ya kiatu, limebonyea, halina harufu, na liko upande lilikotoka ua.

"Hiki ni kitako," alisema. "Dawa haikijui. Ingekuwa kantangaze, yule mdudu wa nyanya, ungeona kitundu na kinyesi cheusi, na majani yamechimbwa njia."

Kuoza kitako ni upungufu wa madini ya chokaa (kalsiamu) ndani ya tunda, na mara nyingi chokaa ipo udongoni, tele tu. Inasafiri na maji. Maji yakikatika, ncha ya mwisho ya tunda ndiyo inayokosa, na hapo seli zinakufa. Ndiyo maana baka huonekana siku kadhaa baada ya kiu kwisha, na mtu analaumu mbegu. Yenye baka tuliyang'oa yote, shina lisihangaike kuyalisha. Zilizopasuka nilizipeleka siku hiyohiyo kwa mama lishe, kwa sado, chini ya nusu ya bei.

Mjomba alirudi siku ya kumi na moja. Begi likiwa bado begani alikwenda moja kwa moja kwenye bamia, akachagua moja ndefu na kuipinda ncha kwa kidole gumba. Bamia changa, ya urefu wa kidole, hukatika kwa mlio. Ile ilijipinda tu, nyuzi zikabaki zimeshikana. Juu yake hapakuwa na ua hata moja: bamia ikishaona mbegu zake zinakomaa huacha kutoa maua, kazi yake imekwisha.

Hakusema kitu. Aliniomba kisu, akavaa shati la mikono mirefu kwa ajili ya muwasho, akaanza kukata ngumu zote na kuzirusha njiani. Alipofika kwenye mashina mawili yaliyokuwa manene kuliko mengine aliyaacha na bamia zake, akachana kipande cha kitambaa chekundu na kuyafunga.

"Haya ya mbegu," alisema. "Mengine mwagilia, wiki ijayo tuone maua."