HTML5: mimi ilinipata kwenye mstari wa kwanza tu

HTML ni lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, na HTML5 ni toleo lake la tano. Kama ulianza kutengeneza kurasa hizo enzi za XHTML, ndugu yake mkali aliyeitangulia HTML5, unaujua ule mstari wa juu kabisa, doctype, unaoiambia brauza ukurasa ni wa aina gani, mrefu kama treni, una anwani ya W3C (shirika linaloweka viwango vya wavuti) ndani yake na alama za nukuu kila kona, sikuwahi kuukariri hata siku moja, nilikuwa nakopi kwenye faili la zamani napesti. Kwenye HTML5 unaandika doctype html. Maneno mawili, kwisha habari.

Ila haikuja kirahisi hii kitu. HTML 4.01 ilitoka 1999, W3C wakahamia XHTML ambayo ilikuwa kali balaa: ukiituma kama XML yenyewe, lugha ya alama isiyosamehe kosa, halafu ukasahau kufunga tegi moja tu (zile alama za < > zinazozunguka maandishi), mtu haoni ukurasa, anaona ujumbe wa kosa. 2004 watu wa Apple, Mozilla na Opera wakachoka, wakaunda kikundi chao WHATWG, wakaanza kuandika HTML mpya kwa kuangalia kurasa zilivyo kweli mtandaoni, na ubovu wake wote. XHTML 2 ikaachwa 2009, HTML5 ikapitishwa rasmi Oktoba 2014. Na hapa ndo penyewe kwangu, maana walieleza mpaka brauza ifanye nini ikikuta tegi iliyokosewa, kwa hiyo hata ukiharibu, angalau brauza zote zinakuelewa vilevile.

Video sasa ni tegi moja, unaiwekea controls (vitufe vya kucheza na kusimamisha) na faili lako, inacheza bila Flash, ile programu ya nyongeza ya zamani. Header, nav, article na footer zimekuja kupunguza ule mrundikano wa div, tegi za visanduku visivyosema ndani kuna nini, na programu za kuwasomea wasioona zinajua menyu iko wapi (tegi ya section sijui, mpaka leo watu tunaibandika popote).

Ninachokipenda zaidi ni fomu. Weka type ya email kwenye input (kisanduku cha kujaza), uifungue kwa simu, kibodi inakuletea @ pale mbele, na mtu akiandika upuuzi brauza inamkatalia bila JavaScript yoyote. Ila usibweteke, jaribu a@b uone, inapita bila hata nukta, kwa hiyo kwenye seva, kompyuta inayopokea fomu, kagua tena.

Na wanaouliza HTML6 inatoka lini: 2019 W3C na WHATWG walikubaliana kubaki na kiwango kimoja kinachorekebishwa kila mara, namba hakuna tena.