Lidia Alikuwa Mfanyabiashara

Wapendwa katika Bwana, somo letu wiki hii ni Matendo ya Mitume 16:11-40. Tulisome tukiwakumbuka mabinti wanaoabudu pamoja nasi huku wakihangaika kusimamisha biashara zao wenyewe.

Siku ya sabato, nje ya lango la Filipi, kando ya mto, Paulo anawakuta wanawake wamekutanika. Mmoja ni Lidia, "mwenye kuuza rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira, mcha Mungu". Luka anaitaja kazi yake kwanza, wala haionei haya. Zambarau ilikuwa bidhaa ya watu wenye uwezo. Huwezi kuiuza bila mtaji, wala bila kujua kuzungumza na wakubwa. Bwana anaufungua moyo wake, anabatizwa yeye na nyumba yake, na hakuna mahali Paulo anamwambia aachane na biashara. Kisha anawasihi wageni wakae kwake, na Luka anamalizia: "Akatushurutisha." Mwanamke huyu hakuwa mtu wa kukataliwa kirahisi! Ukifika mstari wa 40, Paulo na Sila wametoka gerezani, na wanakokwenda ni kwa Lidia. Ndugu wamo humo.

Nalisema hili kwa sababu binti mwenye malengo makubwa husemwa sana, na wakati mwingine na sisi waamini. Akijituma, anapenda pesa. Akipanua biashara, anaulizwa ataolewa lini. Na akiwa mweusi mahali ambapo watu hutazama rangi yake kabla ya kutazama kazi yake, hata mkopo mdogo huwa mlima.

Sarah Breedlove aliyajua hayo. Alizaliwa Louisiana, Marekani, mwaka 1867, kwa wazazi waliokuwa watumwa. Akawa yatima akiwa na miaka 7, na mjane akiwa na miaka 20, na mtoto wa kulea. Huko St. Louis alifua nguo za watu, na akina mama wa kanisa lake la Methodisti la watu weusi wakamshika mkono. Baadaye, kwa jina la Madam C. J. Walker, alijenga kampuni ya dawa za nywele iliyowapa kipato maelfu ya wanawake weusi. Mwaka 1912, katika mkutano wa wafanyabiashara weusi mjini Chicago, Booker T. Washington, kiongozi mashuhuri wa Wamarekani weusi aliyeuongoza mkutano huo, hakumpa nafasi ya kuzungumza. Akasimama mwenyewe, akaeleza alivyotoka mashamba ya pamba na kwenye beseni la kufulia hadi kujenga kiwanda chake. Mwaka uliofuata alialikwa kuhutubia.

Mimi hapo namwona Lidia yule yule wa "akatushurutisha". Lakini nawaona pia wale akina mama wa St. Louis, na hao ndio wananichoma moyo. Je, sisi tunamshika mkono nani?

Tunajua kumwombea dada: "Bwana, mfungulie milango." Ibada ikiisha tunamwomba bei ya undugu, na bado tunachukua kwa mkopo. Usiku anafungua daftari lake. Hapa mauzo, hapa nauli ya mzigo, hapa madeni. Na kwenye madeni yamejaa majina ya watu anaoimba nao kwaya. Anaona aibu kuwadai, maana atasemwa hana upendo. Wenye duka kubwa hawasubiri kiasi hicho, nao tunawalipa papo hapo.

Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA. Dada, pima sawasawa, mlipe msaidizi wako kwa wakati, na hela ya biashara usiichanganye na ya matumizi ya nyumbani. Ila andiko hilo linamhusu na mnunuzi. Kama jina lako limo kwenye daftari la dada yeyote, nenda ukamlipe kabla ya Jumapili, na usimpunguzie hata senti.