Siku moja maishani mwangu: dagaa, milioni 180 na swali moja la Masaki

Saa 10:30 alfajiri

Niliamka kabla ya simu kulia, katika chumba cha uani nyumbani kwa shangazi, Kimara, Dar es Salaam, nikiwa na mgongo uliokakamaa kwa safari ya basi ya siku iliyotangulia kutoka Mwanza. Chini ya kitanda kulikuwa na mkoba wenye kilo mbili za dagaa: kilo moja ya waliokaushwa mchangani kama wanavyokaushwa katika mialo mingi, yaani fukwe za kupokelea samaki, ya Ziwa Victoria, na kilo nyingine ya waliokaushwa juu ya chanja zetu, yaani vichaga vya kuanikia, ndani ya kikaushio chenye paa la nailoni. Nilipotoka kwenda kuoga nilimkuta shangazi ameshawasha jiko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hao dagaa wako wamenikeshesha. Kama hao wawekezaji wana pua, wataielewa biashara kabla hujafungua mdomo."

Nilikuwa na miadi ya saa 4 asubuhi, Masaki, mbele ya watu watatu wanaoweka fedha zao katika kampuni changa. Nilikuwa naomba shilingi milioni 180 kwa asilimia 15 ya hisa. Benki nilikuwa nimeshaijaribu; iliipenda biashara, kisha ikaomba hati ya nyumba ya mama yangu kama dhamana, nami nikakunja karatasi zangu nikarudi zangu mwaloni.

Saa 12:15 asubuhi

Nilipanda basi la mwendokasi la Kimara kwenda Morocco, nikasimama hadi Magomeni huku nimeukumbatia mkoba kifuani, na abiria aliyekuwa karibu yangu akaniuliza kwa upole kama nauza kwa rejareja. Njiani nilijikumbusha maneno ya dakika zangu kumi, na kwa kuwa msomaji anaweza kuwa hajui biashara hii, nayaweka hapa kwa ufupi.

Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, huvuliwa usiku kwa taa, katika zile siku za mwezi ambazo wavuvi huziita giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika. Asubuhi boti zinapofika, mnunuzi hulipa taslimu palepale ufukweni, kwa ndoo, kisha hutafuta jua. Jua likiwaka, dagaa hukauka kwa siku moja. Mvua ikinyesha, wale waliomwagwa mchangani huoza au huvunjika, na wanaosalia huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ambayo hairudishi hata fedha ya ndoo. Kampuni yetu ina vikaushio vitatu katika mwalo mmoja wa Ukerewe, hununua ndoo 40 kwa siku katika siku 18 za giza za kila mwezi, hufungasha na kuuza katika maduka ya Dar es Salaam. Ndoo moja hutoa kilo tano kavu. Tukijumlisha samaki, vibarua, mifuko na usafiri, ndoo hutugharimu shilingi 26,500, na kilo zake tano tunaziuza shilingi 35,000. Nilitaka kuongeza vikaushio tisa ili viwe kumi na viwili. Hilo ndilo lilikuwa wazo langu lote.

Saa 2:40 asubuhi

Bajaji ilinishusha Masaki mapema mno, nami nikakaa mgahawani kwa kikombe cha chai ambacho bei yake sitaiandika hapa, nikipitia slaidi kwa mara ya mwisho. Slaidi ya sita ilikuwa na maandishi makubwa: "Upotevu wakati wa mvua: sifuri."

Saa 3:20 ulifika ujumbe kutoka kwa mama anayesimamia chanja zetu: "Upepo wa usiku umechana nailoni ya kikaushio cha pili. Ndoo 9 zimelowa. Tunageuza, ila sidhani kama zitafaa."

Nilikaa na ujumbe ule muda mrefu kuliko ulivyostahili. Ilikuwa Novemba, msimu wa vuli, na nailoni iliyochanika si msiba. Lakini neno "sifuri" lilikuwa linanitazama kutoka kwenye kompyuta. Nilifikiria kuifuta slaidi nzima, nikaona itaacha pengo katika maelezo. Mwishowe nililifuta neno moja nikaandika "mdogo", na papo hapo nikajua kwamba nimeandika kitu dhaifu, kwa sababu mtu yeyote makini angeuliza mdogo ni kiasi gani.

Saa 4:00 asubuhi

Chumba kilikuwa na meza ndefu, kiyoyozi kikali na watu watatu: mzee mmoja ambaye baadaye nilijua amefanya biashara ya mazao tangu ujanani, mama mmoja aliyekuwa na daftari la karatasi badala ya kompyuta, na kijana mhasibu. Niliwaamkia, nikaomba glasi mbili za maji.

Kabla ya kuwasha projekta nilichota dagaa wa mchangani kwa kiganja nikawatia katika glasi ya kwanza, na wa chanja katika glasi ya pili, nikakoroga zote mbili kwa kijiko kimoja, nikianza na ile ya pili. Hatukusema kitu kwa muda. Maji ya glasi ya kwanza yaligeuka rangi ya udongo, kisha mchanga ukaanza kutulia chini taratibu, ukajenga tabaka jembamba la kijivu ambalo mzee aliinama kulitazama kama anayesoma kipimajoto. Glasi ya pili ilibaki na magamba machache yaliyoelea. Mzee alinyoosha mkono, akachukua dagaa mmoja mkavu kutoka katika mfuko wa chanja, akamvunja kichwa kwa ukucha, akasikiliza mlio, akamtafuna mbichi hivyo hivyo.

"Huyu amekauka," alisema. "Endelea."

Kwa dakika kumi niliendelea vizuri. Nilieleza soko, nikaeleza kwamba Tanzania ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya ziwa lile, takribani asilimia 51, nikaonyesha picha za chanja na cheti cha usajili wa BRELA. Nilipofika slaidi ya sita nilisimama. Niliwaambia kwamba asubuhi ile neno lililokuwa pale lilikuwa "sifuri", kwamba nimelibadilisha nikiwa mgahawani, na kwamba sababu ni ndoo 9 zilizolowa usiku uliopita. Niliwasomea ujumbe wenyewe kutoka kwenye simu. Kijana mhasibu alitabasamu kidogo. Mama aliandika kitu katika daftari lake na hakuinua macho.

Saa 4:35 asubuhi

Maswali ndiyo yaliyoila siku yangu.

Kijana alianza kwa kuuliza kama faida niliyoionyesha ni kabla au baada ya kodi. Ilikuwa kabla, na nilikuwa sikuandika hivyo popote, ilhali kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30. Nilikiri, akaendelea. Mzee aliuliza nitafanya nini mwenye boti akipata mnunuzi anayempa shilingi elfu mbili zaidi kwa ndoo, nami nikaeleza kwamba tunawakopesha wavuvi wetu taa na betri za sola, wakatulipa kwa dagaa. Jibu hilo alilipokea kwa kutikisa kichwa, bila kusema limemtosha.

Kisha mama akafunga kalamu yake.

"Unaomba milioni 180 kwa asilimia 15. Maana yake unaniambia kampuni hii, fedha zangu zikishaingia, itakuwa na thamani ya bilioni 1 na milioni 200. Kwa hesabu zako unauza takribani milioni 25 kwa mwezi, na kuna miezi miwili hamfanyi kitu. Hiyo ni karibu mara tano ya mauzo yako ya mwaka. Thamani hiyo imetoka wapi, kijana wangu?"

Ukweli ni kwamba ilitoka katika kiolezo cha wasilisho nilichokipata mtandaoni, cha kampuni za programu za simu, ambazo hazina nailoni ya kuchanika. Nilijaribu kujibu kwa lugha ya ukuaji wa soko, akaniacha nimalize, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike habari hii.

"Tuiache thamani. Niambie shilingi moja yako, tangu umpe mvuvi hadi irudi mfukoni mwako, inalala siku ngapi?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Katika miaka mitatu ya biashara nilikuwa sijawahi kuhesabu hivyo. Alinisogezea daftari lake, tukahesabu pamoja: siku 2 za kukausha, siku 7 za kufungasha na kusubiri mzigo ujae, siku 3 za kivuko na lori hadi Dar es Salaam, na siku 45 ambazo maduka makubwa huchukua kabla ya kulipa. Jumla siku 57. Ndoo 40 kwa siku 18 ni ndoo 720, ambazo kwa gharama ya 26,500 ni zaidi kidogo ya milioni 19 kwa mwezi. Kwa siku 57, hiyo ni milioni 36 zilizolala muda wote. Nilizifahamu hizo milioni 36 bila kujua jina lake: ndizo zilizonifanya kila mwezi nione faida katika vitabu na kukosa fedha ya mishahara.

"Sasa weka vikaushio kumi na viwili," alisema.

Niliweka. Zilitoka milioni 145. Katika bajeti yangu ya milioni 180 nilikuwa nimetenga 120 kwa vikaushio tisa, 30 kwa gari, na 30 kwa mtaji wa mzunguko. Wangenipa fedha zote nilizoomba, ningejenga kila kitu nilichoahidi, na kabla ya kiangazi kijacho ningekuwa nimesimama ufukweni mbele ya boti zilizojaa, na vikaushio vizuri vitupu nyuma yangu, bila fedha ya kununua ndoo.

Waliniambia wazi kwamba kwa mpango ule hawaingii. Mama aliongeza kwamba nikirudi na mpango mdogo unaojibu lile swali, pamoja na daftari la upotevu la kila siku, mvua na jua, wako tayari kuzungumzia mkopo unaoweza kugeuzwa kuwa hisa baadaye, ili tusigombane sasa kuhusu thamani. Daftari la upotevu alilisisitiza mara mbili. Alisema ule ujumbe wa ndoo 9 ndio uliomfanya aendelee kusikiliza, na sikujua kama nifurahi.

Saa 7 mchana

Nilikula wali na maharage kwa mama lishe karibu na kituo cha Morocco, nikiwa nimechoka kuliko nilivyotarajia. Hapakuwa na zaidi.

Saa 9 alasiri

Badala ya kurudi Kimara nilikwenda Kariakoo, kwa mfanyabiashara wa jumla ambaye kwa miaka miwili nilikuwa namkwepa kwa sababu bei yake ni shilingi 6,500 kwa kilo, wakati maduka makubwa hunipa 7,000. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, akichambua dagaa wa mtu mwingine kwa kidole kimoja. Aliingiza mkono katika mfuko wangu wa chanja, akanusa, akalamba ncha ya kidole.

"Hawana mchanga," alisema. "Nitachukua. Lakini bei unaijua."

"Na malipo, mzee?"

"Mzigo ukishuka, unahesabu fedha yako hapa. Mimi sikopi, sikopeshi."

Miaka yote miwili nilikuwa nasikia sehemu ya kwanza tu ya maneno yale.

Saa 2 usiku

Shangazi aliniondolea sahani mezani nikabaki na kalamu. Nikiuza Kariakoo, ndoo moja inaniingizia 32,500 badala ya 35,000, hivyo kinachobaki kinashuka kutoka 8,500 hadi 6,000. Hapo ndipo nilipokuwa nasimama zamani, na kukasirika. Lakini zile siku 45 zinatoweka, shilingi inalala siku 12 tu, na vikaushio sita vyenye ndoo 80 kwa siku vinahitaji takribani milioni 15 za mzunguko, wakati mimi tayari nina 36 zilizolala katika mzunguko. Hata nikiyabakiza maduka yanayokubali kulipa ndani ya siku 14, vikaushio sita hivyo vingehitaji milioni 33, ambazo bado ni pungufu ya nilizonazo. Kwa maneno mengine, ninachohitaji kutoka nje ni fedha ya vikaushio vitatu vya ziada, yaani milioni 40. Gari lisubiri. Niliihesabu mara tatu, kwa kuwa sikuamini kwamba asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimeomba milioni 180.

Saa 3:30 usiku

Nilimpigia mama wa chanja. Aliniambia kwamba ndoo 4 kati ya zile 9 zimeokolewa na 5 zimeuzwa kwa mtu wa chakula cha kuku, na kwamba nailoni ameishona kwa uzi wa nyavu.

"Umezipata hizo fedha?" aliuliza.

"Bado, mama. Una daftari hapo?"

"Lipo la mahudhurio ya vibarua."

"Geuza ukurasa wa nyuma. Andika tarehe ya leo, andika ndoo zilizoingia, kisha andika: 9 zimelowa, 4 zimeokolewa, 5 za kuku. Na kesho uandike tena, hata kama ni sifuri."

Nilimsikia akitafuta kalamu, akimwuliza mtu kama wino upo.