Kumbukumbu ya mradi: weusi wa vyombo vya Athens

Kinachotengenezwa ni lekythos, chupa ya mafuta yenye shingo nyembamba, kimo sentimita 20, kwa mtindo wa picha nyeusi uliotamba Athens katika karne ya 6 KK. Mwili, shingo na mkono vimefinyangwa kila kimoja peke yake, kisha vikaungwa. Kilichobaki ni weusi, na hapo ndipo wengi hukwama kwa kutafuta rangi ya kupaka. Nyekundu na nyeusi zote hutoka katika udongo wenye chuma. Zinatofautishwa na ulaini wa chembe na hewa iliyomo ndani ya joko. Mkemia Theodor Schumann wa Ujerumani alilibainisha hilo mwaka 1942.

Rojo la kuchorea: kilo 1 ya udongo mwekundu mkavu uliotwangwa na kuchekechwa, lita 10 za maji ya mvua, gramu 5 za magadi. Magadi huzifanya chembe zisukumane. Bila magadi hugandana na kuzama zote pamoja. Maji yenye chokaa huharibu kazi hiyo, kwa hiyo ya kisima hayafai. Ndoo ikae saa 48 bila kuguswa, kisha theluthi ya juu ivutwe polepole kwa mpira mwembamba. Mashapo hayahitajiki. Kilichovutwa huachwa kwenye sinia juani hadi mililita 100 zifikie uzito wa gramu 120. Kwa mistari myembamba liwe zito zaidi.

Chombo huchorwa kikiwa kimekaza lakini bado kina unyevu, baada ya kusuguliwa kwa kokoto laini. Rojo hupakwa mara mbili. Halafu nywele, misuli na mikunjo ya nguo huchanjwa kwa ncha ya chuma hadi udongo wa chini uonekane. Udongo ukiwa mbichi mno, kingo za mchanjo huinuka na kuchafua mstari. Ukikauka mno, rojo hubanduka vipande. Ukitazama amfora (mtungi wa mikono miwili) ya Exekias, mchoraji wa vyombo wa Athens, iliyoko Vatican, yenye mashujaa Achilles na Ajax wakicheza mchezo wa ubaoni, majoho yao yamejaa michanjo midogo ajabu, na hakuna hata mmoja uliomeguka. Huo ndio ufundi ninaouheshimu kuliko wote katika sanaa hii.

Moto una awamu tatu. Kwanza, matundu ya hewa yakiwa wazi, joto hupandishwa taratibu hadi nyuzi 850. Kila kitu huwa chekundu. Pili, joto likifika 900 hadi 940, matundu huzibwa na kuni mbichi hutiwa. Kaboni monoksidi hunyang'anya chuma oksijeni, joko zima likawa jeusi, na rojo lenye chembe laini huyeyuka kidogo na kujifunga. Shikilia nusu saa. Tatu, joto likishuka hadi 850, fungua matundu: hewa hupenya mwili wenye vinyweleo na kuurudishia wekundu, lakini rojo lililojifunga haiwezi kulipenya. Kaboni monoksidi haina harufu na huua, kwa hiyo joko liwe nje kabisa.

Vipande vya majaribio vimeshachomwa. Palipopakwa mara moja pamegeuka kahawia kingoni, kwa sababu tabaka halikutosha kujifunga. Palipopakwa mara mbili pameshika weusi unaong'aa. Penye tabaka nene kuliko hapo pamebanduka. Vilivyopewa hewa baada ya joto kushuka chini ya 700 vimebaki vya kijivu mwili mzima. Joto la awamu ya pili likikaribia 1,050, mwili nao hujifunga na wekundu haurudi tena.

Katika uchomaji wa lekythos yenyewe, vigae vya majaribio vilivyotobolewa vitawekwa karibu na tundu la kuchungulia na kuvutwa kwa waya kimojakimoja, kama walivyofanya wafinyanzi wa Kerameikos, mtaa wa wafinyanzi wa Athens. Chombo kisigusane na kingine: pale vinapogusana hewa haizunguki sawasawa, na alama ya duara hubaki. Matundu yatabaki wazi kuanzia 850 hadi 750, na mteremko huo uchukue angalau nusu saa.