Wakili aliyetaka watoto wote wa baba

Baba alifariki mwezi wa nane mwaka jana. Matanga yalipoisha, kikao cha ukoo kilinipendekeza mimi, binti wa kwanza, niwe msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao tukausaini, cheti cha kifo tukakipata RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Nikadhani kazi kubwa imekwisha.

Wakili wa kwanza tulielekezwa na jirani. Alitupokea vizuri, akauliza nyumba ya Mbagala ina thamani gani, kisha akasema atachukua asilimia kumi ya thamani hiyo. Ndiyo nyumba anayolala mama. Tungemlipa kwa kuuza nini? Na hakuuliza hata mara moja baba ameacha watu gani. Nikamshukuru, nikaondoka.

Wa pili nilimtafuta mwenyewe. Kwanza niliingiza jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, nikaona yumo na anaruhusiwa kufanya kazi. Fanyeni hivyo kabla hamjatoa hata shilingi. Ni mama wa makamo, na kabla ya kutaja fedha aliniuliza: "Mwanangu, baba yako aliishije?"

Sikumwelewa. Baba mdogo alikuwa anashinikiza tufungue shauri Mahakama ya Mwanzo kule Machame, Kilimanjaro, kwa mila. Lakini baba alifunga ndoa kanisani, Kilutheri, na aliishi Dar es Salaam zaidi ya miaka arobaini. Wakili akanieleza kwamba Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Mkristo aliyeishi kama baba, mirathi yake ina mahakama nyingine. Tungefungua kule, mtu angeweza kuja miaka mitano baadaye akapinga, na yote yakafutwa. Kwangu mimi jibu hilo peke yake lilistahili ada.

Kisha: "Watoto wangapi? Nataka wote."

Nikasema wanne. Akaweka kalamu mezani, akasubiri. Mama, aliyekaa pembeni yangu, akasema polepole, "Watano. Yuko mmoja Tanga."

Sote tulijua. Hakuna aliyewahi kumtaja mbele ya mama. Wakili akaandika watano, akasema tu kwamba msimamizi anayemficha mrithi anaweza kunyang'anywa usimamizi.

Ada tulikubaliana kiasi kimoja, kwa maandishi, awamu tatu, gharama za mahakama mbali. Shauri tukalifungua Temeke, kwenye Kituo Jumuishi cha masuala ya familia. Wadhamini, tangazo gazetini, hayo yalikwenda.

Niliyoiogopa ni ridhaa ya yule wa Tanga, yaani saini yake ya kukubali niwe msimamizi. Nilimpigia simu mwenyewe. Alikuja na basi la alfajiri, akasaini, kisha akaniuliza kama anaweza kwenda kumsalimia mama. Walikaa sebuleni zaidi ya saa nzima. Sikuingia.

Barua ya usimamizi ninayo sasa. Orodha ya mali natakiwa kuiwasilisha mahakamani ndani ya miezi sita, na hesabu za mirathi ndani ya mwaka. Kinachonisumbua ni kiwanja cha Kibaha, maana hatujui kinaishia wapi. Mdogo wetu wa Tanga anajua: ndiye aliyekuwa akienda na baba kupanda mikorosho. Jumamosi ananipeleka kunionyesha mipaka.