Kihamba cha akina Cochran

Mwaka 1972, huko Sapporo nchini Japani, Barbara Ann Cochran alimshinda Mfaransa Danièle Debernard kwa sekunde 0.02 akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya slalomu, mbio za kushuka theluji kwa skii, yaani mbao ndefu za miguuni, ukipinda kati ya milingoti. Miaka 50 baadaye, kwenye Olimpiki ya Beijing, mwanawe Ryan Cochran-Siegle aliikosa dhahabu ya supa-G, mbio za skii zenye kasi zaidi, kwa sekunde 0.04, akarudi na medali ya fedha. Hesabu hizo nimezikariri kwa sababu hawa ni majirani. Kwao ni Richmond, Vermont, na mimi naishi Burlington, chini ya nusu saa kwa gari, nikihudumia wazee.

Nilipoanza kumpeleka binti yangu kuteleza kwenye kilima chao, mwenzangu wa zamu, mama wa Bukavu, aliniambia, "Dada, ile ni muchezo ya batu ya franga." Sikumbishia. Hapa Vermont iko milima ambayo tiketi yake ya siku moja inaweza kumeza mshahara wangu wa siku nzima.

Kilima cha akina Cochran hakikuanza hivyo. Mickey Cochran alikuwa mhandisi wa General Electric. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, yeye na mkewe Ginny walinunua shamba lenye mteremko nyuma ya nyumba, wakafunga kamba inayozungushwa na injini ili iwavute watoto hadi juu, wakaweka na taa. Watoto wakitoka shule wanavaa skii, wanapita kati ya milingoti, ndiyo milango ya mbio, mpaka waitwe kula. Majirani nao wakaanza kuja na watoto wao. Wote wanne, Marilyn, Barbara Ann, Bob na Lindy, walifika timu ya taifa ya Marekani, kisha wajukuu wakafuata. Kilima chenyewe siku hizi kinaendeshwa bila kutafuta faida.

Kwa nini mteremko mfupi namna ile utoe mabingwa? Nimesimama pale jioni nyingi nikitazama, na naona jibu liko kwenye ile kamba. Unashuka, unaidaka, uko juu tena kabla mwili haujapoa. Kona uliyokosea bado iko miguuni, unairudia papo hapo: uzito kwenye mguu wa nje, makali ya skii yang'ate theluji, macho kwenye mlango unaofuata. Binti yangu hushuka mara ishirini kwa jioni moja. Mlima mkubwa usingempa nafasi hiyo.

Mimi ni mzaliwa wa Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Kwetu hakuna anayekumbuka siku aliyofundishwa kupogoa kahawa au kufungulia maji ya mfereji. Ulikua ndani ya kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, mikono ikajua. Baba alikuwa mpagazi. Theluji ya kilele cha Kibo tuliiona kutoka uani, lakini aliipanda akiwa na mizigo ya wageni kichwani, na sisi watoto hatukuwahi kufikiria kwamba inaweza kuchezewa. Linaniuma hilo, nalisema wazi. Watu husema ubingwa wa akina Cochran uko kwenye damu. Mimi naona uko kwenye kihamba: mtoto alikulia penye kamba, taa, na mama anayetangulia. Mwana hutazama kisogo cha nina.

Na mama huyo hakuwafundisha wa kwake tu. Kwa miaka mingi Barbara Ann ameendesha pale darasa la watoto wa miaka mitatu hadi mitano, ambalo mzazi ndiye anayefundishwa namna ya kumfundisha mwanawe. Ryan alipita mikononi mwake. Januari 2021 alianguka vibaya Kitzbühel, Austria, pingili ya shingo ikavunjika. Mwaka mmoja baadaye ndipo akaipata ile fedha. Nikiwaza mama aliyekaa akitazama shindano hilo akijua shingo ile imepitia nini, moyo wangu unakaza.

Msimu huu nami nimevaa skii. Nina miaka 41. Ijumaa iliyopita nilishika kamba, glavu zikiwa zimelowa, binti yangu mbele yangu na kofia yake nyekundu. Tulipofika juu aligeuka, akaniangalia toka kichwani hadi miguuni, akasema kwa Kiswahili chake cha Vermont, "Mama, magoti. Kunja magoti kwanza."